Kuisoma tu imeli hiyo hakutoshi kuharibu kompyuta

Pole dada, nimekuelewa, umefungua imeli ya kitapeli inayosema mzigo wako umekwama posta, hujabonyeza kitu ila hata usingizi huna ukihofia kompyuta imeharibika. Kwa kuisoma tu, mara nyingi huwa hakuna kilichotokea. Zamani ilikuwa balaa, mwaka 1999 kirusi cha BubbleBoy kilikuwa kinaingia kwa kufungua tu imeli kwenye Outlook, ile programu ya imeli ya Microsoft, siku hizi matundu mengi ya namna hiyo kwenye programu yamezibwa, ndo maana apdeti usiziahirishe.

Hatari yenyewe iko kwenye linki na faili lililoambatanishwa. Mi niliwahi kufungua faili limeandikwa ankara.pdf.exe, macho yakaishia kwenye pdf nikaiona exe, yaani ni programu si waraka, nimeshachelewa, mafaili yote yakafungwa nikadaiwa hela, na picha za marehemu mama zikaenda hivyohivyo.

Ifute, picha zilizomo usiziruhusu zifunguke maana zinaweza kumjulisha mtumaji kuwa umeisoma. Kama uliandika paswedi popote ibadilishe sasa hivi ukitumia simu, ikiwa ni ya benki wapigie leoleo. Kama ulifungua faili, zima intaneti kwanza halafu mpelekee fundi, na kompyuta ikiwa ya ofisi waambie watu wa IT usifiche.