Uji wa lishe ndio uliokuwa unanirudisha kitandani

Niseme mapema, mimi si daktari. Ni mgonjwa wa siliaki, ule ugonjwa ambao ukila gluteni kinga ya mwili inageuka na kuushambulia utumbo mwembamba, zile nyuzi ndogondogo za kunyonya chakula zinabapa, unakula sana na bado unakonda. Gluteni ni protini iliyo kwenye ngano, shayiri na rai, nafaka ya nje inayofanana na ngano. Soya haina gluteni, na si kila mwenye siliaki anakatazwa soya, hilo naomba lieleweke kabisa, ila langu tumbo inaikataa, nimejaribu kuirudisha mara tatu na zote nimeumwa, kwa hiyo nazikwepa zote mbili.

Kabla ya kujua nilitibiwa taifodi sijui mara ngapi, amiba, minyoo, vidonda vya tumbo, mpaka shangazi akaanza kutaja mambo ya kulogwa. Nilivyopimwa ikajulikana nikaacha chapati, mkate, maandazi, tambi, vyote siku hiyohiyo. Wiki tatu za kwanza nilipata nafuu mpaka nikalia kwa furaha. Halafu ikarudi. Tumbo limejaa kama ngoma, kuharisha, miguu haina nguvu, na mimi naapa sijagusa ngano.

Mama alikuwa amekuja kutoka Morogoro kuniuguza, na kila asubuhi ananipikia uji. "Kunywa mwanangu upate nguvu." Nakunywa vikombe viwili. Siku moja nimekaa jikoni namsubiri auchemshe, nikageuza ile pakiti ya unga wa lishe nisome nyuma, maandishi madogo kama mchanga: mahindi, ulezi, mtama, ngano, soya, karanga. Nilikaa nayo mkononi muda mrefu. Mama alivyoelewa aliniangalia tu akamwaga sufuria nzima. Mama hakuwa na kosa hata chembe, nani kwetu anauita uji wa lishe ngano? Jina linasema lishe, na sisi tunaamini jina.

Ndio maana nawaambia wenzangu, chapati haitakuumiza, chapati unaiona. Kinachokuumiza ni kile kilichochanganywa kikapewa jina jingine. Na usiulize mtu "hii ina gluteni?", atakujibu hapana kwa moyo mweupe kwa sababu hajui ni kitu gani. Uliza kilivyotengenezwa. "Dada samahani, huu mchuzi umeutia unga wowote uwe mzito?" "Kaka, haya mafuta mmekaangia sambusa au maandazi leo?" Hapo utapata jibu la kweli. Chipsi ni viazi tupu, lakini karai la chipsi la mtaani asubuhi lilikuwa la maandazi, na kuku wa kukaanga mara nyingi amepakwa unga wa ngano kwanza. Urojo wa Zanzibar, ule uzito wake unatokana na unga wa ngano. Vitumbua vya mchele, wapo wanaoongeza ngano kidogo vishikane. Mishkaki wapo wanaoiroweka kwenye sosi ya soya, na sosi ya soya ya kawaida ina soya na ngano humohumo, kwa mtu kama mimi hiyo ni balaa mara mbili. Soseji nyingi zina soya ndani, na pilau la shughuli siku hizi unakuta vipande vya soya vimechanganywa na nyama, usiku kwenye taa za ukumbi huwezi kuvitofautisha. Mvuje wa unga ule wa kopo nao, soma kopo, mwingi umechanganywa na unga wa ngano.

Neno kimea nalo liangalie vizuri. Kimea cha ulezi cha kutengenezea togwa hakina shida, lakini kimea kwenye vinywaji vya unga vya kopo vinavyoletwa dukani mara nyingi ni cha shayiri. Kwenye pakiti za nje tafuta wheat, barley, malt, na soya hata ikiandikwa lecithin tu, maana lesithini inaweza kuwa ya soya au ya alizeti na wengine hawasemi ipi. Na dawa pia, muulize mfamasia vidonge vimeshikanishwa kwa wanga wa nini.

Sasa mashine ya kusaga, hapa ndo nilichelewa kabisa kushtuka. Unapeleka mahindi yako safi, umeyapepeta mwenyewe, lakini aliyekutangulia kasaga lishe, na unga wake uliobaki kwenye mashine ndio unaotoka kwanza na wako. Nilisimama pale siku moja nikauona kwa macho, unga wa mwanzo ulikuwa wa kahawia halafu ndo ukaanza kuja mweupe wa kwangu. Siku hizi naenda alfajiri kabla hawajasaga kitu, nimemwambia kijana wa mashine ukweli wa ugonjwa wangu, anapitisha kilo mbili za kwanza kwenye mfuko mwingine nampa jirani wa kuku. Bado si salama asilimia mia. Ukiwa na kinu, twanga. Nyumbani nina mwiko wangu, chekecheke langu na kikaango changu, na chuma cha chapati hakikai karibu nacho.

Kwa Wakatoliki wenzangu, hostia ni ngano. Barua ya Vatikani ya 2003 inasema hostia isiyo na gluteni kabisa haikubaliki, lakini yenye gluteni kidogo sana inaruhusiwa, na unaweza kukomunika kwa divai peke yake. Ongea na paroko, umwombe kikombe chako pembeni, kwa sababu kwenye kile cha altare kipande cha hostia kinatumbukizwa.

Na wewe unayesoma hapa ukajishuku, tafadhali usiache ngano leo. Kapime kwanza. Kipimo cha damu kinatafuta kingamwili, zile protini za kinga ambazo mwili wa mgonjwa unazitoa akila gluteni, na ukishaacha ngano muda mrefu zinashuka, majibu yanakuja safi wakati unaumwa, utahangaika miaka.

Uji bado nakunywa. Ulezi kilo mbili, mchele kilo moja, karanga robo. Ulezi wa gengeni naumwaga kwenye ungo mchana kwenye mwanga, nauchambua kiganja kwa kiganja, na juzi nilitoa punje saba za ngano kwenye kilo moja. Mama akija ndiye anayeuchambua, amevaa miwani, na hataki nimsaidie.