Anza na jani, malizia na mbegu: kuelezea kichaka cha ukoo wa mkarafuu

Ndani ya msitu wa mvua, vichaka vya familia ya Myrtaceae, ukoo wa mkarafuu, mpera, mzambarau na mkaratusi, hufanana mno. Majani hayana meno, maua ni meupe na yana nyuzi nyingi, tunda ni dogo na lina taji. Maelezo yakiishia hapo yanazifaa spishi mamia, kwa hiyo hayamsaidii mtu. Jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Syzygium, ambamo mkarafuu umo, peke yake ina spishi zaidi ya 1,000. Andika kile kinachoutenga mmea ulio mbele yako na majirani zake.

Kwanza hakikisha familia. Chuma jani changa, liinue juani na ulitazame kwa lenzi ya mkono inayokuza mara 10. Vitone vinavyopenyesha mwanga ni vifuko vya mafuta. Lifikiche jani unuse. Jani lililokomaa ni nene na huvificha, ndiyo sababu ya kuchagua changa. Jamii ya michungwa nayo ina vitone, lakini majani yake kwa kawaida hupishana kwenye tawi, ilhali vichaka vya Myrtaceae vya msituni karibu vyote hupanga majani mawili mawili yakitazamana. Angalia pia katikati ya vikonyo viwili vinavyotazamana. Ukiona kigamba kinachoviunganisha, kama kwenye mbuni (mti wa kahawa), hiyo ni familia nyingine. Utomvu wa manjano nao ni dalili ya kwamba umekosea.

Usikimbilie kuukataa mmea kwa sababu jani lina mishipa mikubwa mitatu tangu kwenye kitako. Rhodamnia na Rhodomyrtus, jenasi za ukoo huu huu, ziko hivyo hivyo. Vitone ndivyo vitakavyoamua.

Jani lina alama moja ambayo wengi huipita: mshipa wa ukingoni. Mishipa ya pembeni ikikaribia ukingo huungana na kuwa mstari mmoja unaoufuata ukingo wote. Pima umbali wake kutoka ukingoni kwa milimita, na useme kama kuna wa pili nje yake. Kisha pima majani yasiyopungua 10 kutoka matawi yenye maua au matunda, kwenye mimea kadhaa, uandike kipimo cha kawaida na cha nadra pamoja, kwa mfano urefu wa sentimita (4–)5–8(–11), ambapo vya kwenye mabano ndivyo vya nadra. Yaache machipukizi yanayotoka kwenye kisiki, kwani majani yake huwa makubwa kupita kiasi na huharibu hesabu. Vinyweleo vitafute kwenye ncha changa na tumba. Kwenye jani kuukuu mara nyingi vimekwisha kudondoka, na hapo ndipo watu huandika "halina vinyweleo" kimakosa.

Kuhusu ua, mwalimu bora ni karafuu, kwa kuwa karafuu ni tumba la ua lililokaushwa. Iloweke kwenye maji ya moto hadi ilainike, uipasue kwa wembe kutoka juu hadi chini. Shina lake lililo kama msumari ni kikombe cha ua, juu yake zimesimama sepali (vijani vya nje vya ua) 4, na kile kichwa cha mviringo ni petali (vijani vya ndani) 4 zilizofungana zikizificha stameni (nyuzi za kiume) nyingi zilizojikunja kwa ndani. Ovari (kifuko cha mbegu changa), yenye vyumba 2, imo ndani ya kikombe, karibu na juu. Ukishayaona haya kwenye karafuu, hutapotea kwenye ua la msituni. Hesabu sepali, petali na vyumba vya ovari, na uangalie vijani viwili vidogo chini ya ua: kwenye Eugenia, jenasi nyingine ya ukoo huu, mara nyingi hubaki hadi tunda, kwenye Syzygium mara nyingi hudondoka mapema. Rangi ya ua andika kwa kila sehemu, maana pengine inayoonekana kwa mbali ni ya stameni, siyo ya petali.

Mbegu ndiyo hutupwa, na ndiyo inayosema mengi kuliko vyote. Ikate katikati. Kwenye Eugenia kotiledoni (majani ya kwanza yaliyo ndani ya mbegu) zimeshikamana zikawa donge moja gumu. Kwenye Syzygium kwa kawaida hutengana mara moja. Mpera na jamaa zake wa Psidium wana mbegu ndogo ngumu nyingi. Ikiwa unataka pia kuotesha, usizianike mbegu za Eugenia na Syzygium, kwani hufa zikikauka.

Sampuli ibanwe siku hiyo hiyo, ndani ya magazeti na maboksi ya mikunjo, ikiwa na majani ya pande zote mbili na isizidi ukubwa wa karatasi ya kubandikia, takribani sentimita 42 kwa 28. Badilisha magazeti kila siku. Ukichelewa, majani huwa meusi na kupukutika. Mahali pasipo na moto wa kukaushia, magazeti hulowekwa pombe ya asilimia 70 ndani ya mfuko uliofungwa. Pombe hufuta rangi na kuharibu DNA, basi kabla ya hapo weka kipande cha jani kwenye silika jeli (chembe zinazofyonza unyevu) na maua machache kwenye chupa. Ua likikauka husinyaa, kwa hiyo kila kipimo kiandikwe kama ni cha ua bichi au kavu.

Ukiona unga wa manjano kwenye majani machanga, hiyo ni kutu ya fangasi Austropuccinia psidii. Usiguse mimea mingine kabla ya kunawa na kubadili nguo. Fangasi huyu aligunduliwa Australia mwaka 2010, na Rhodamnia rubescens, mmea uliokuwa wa kawaida katika misitu ya mvua ya mashariki mwa nchi hiyo, sasa umo hatarini kabisa kutoweka. Inauma sana.

Kama spishi ni mpya, tangu 1 Januari 2012 maelezo rasmi huruhusiwa kwa Kilatini au Kiingereza. Lazima utaje sampuli moja ya kiwango, ile inayobeba jina la spishi, na hebaria (ghala la sampuli za mimea) inapohifadhiwa. Anza na sentensi chache zinazoilinganisha na spishi iliyo jirani zaidi: jani kwa jani, kikombe kwa kikombe, mbegu kwa mbegu.