Barua za wasomaji: Shujaa mwenye risasi kumi

SWALI: Ndugu wahariri, naandika hadithi ya watoto wa miaka 10 hadi 13 juu ya vita vya 1914–1918. Shujaa wangu, miaka 14, anaingia Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, hapa Lubumbashi na kwenda kuteka Tabora. Sura ya pili anafyatua risasi kumi mfululizo. Watoto niliowasomea walisinzia palepale. Nimekosea wapi? (Mwalimu, komuni ya Kenya, Lubumbashi)

JIBU: Mwalimu, bunduki ndiyo iliyokuponza. Vita vilipoanza, askari wengi wa Force Publique walikuwa bado na Albini, inayopokea risasi moja tu. Unainua kizibo cha nyuma, unatia risasi, unafunga, unalenga, unafyatua, kisha unaanza upya. Mpe askari wako risasi moja. Aikose shabaha, halafu vidole vitetemeke akitafuta ya pili mkandani. Hapo nani atasinzia?

Umri nao una shida. Mtoto wa miaka 14 mwenye bunduki ni jambo ambalo huku kwetu hatuna haja ya kulipamba. Mfanye mtoto wa kambini. Wake za askari walifuatana na waume zao, wakipika na kubeba mizigo. Mwana wa mama kama huyo ataona mengi bila kuua mtu.

Na Tabora, iliyotekwa 19 Septemba 1916, ni mbali. Kisa kitamu kilipita mjini kwenu! Mwaka 1915 Waingereza walileta mashua mbili za vita, Mimi na Toutou, kila moja meta 12 hivi, kwenda kupambana na meli za Wajerumani kwenye ziwa Tanganyika. Zilifika Fungurume kwa treni, zikavutwa na matrekta ya mvuke kuvuka milima ya Mitumba hadi Sankisia, zikapanda treni tena hadi Bukama, zikateremka Lualaba hadi Kabalo, kisha reli ikazipeleka Lukuga, yaani Kalemie ya leo, mwishoni mwa Oktoba. Kila kituo kipe sura yake, ila Mitumba ipe mbili au tatu. Trekta la mvuke linakula kuni na kunywa maji kuliko ng'ombe. Maji ni haba, na daraja la magogo linaweza kulegea chini ya uzito wake. Mtume mtoto wako maji. Malizia tarehe 26 Desemba, mashua hizo zilipoikamata meli Kingani ya Wajerumani.

SWALI: Mji niuite Lubumbashi au Elisabethville? (Mwalimu huyohuyo)

JIBU: Vinywani mwa wahusika, Elisabethville, kwani jina rasmi lilibadilishwa kuwa Lubumbashi 1966. Serikali waiite Bula Matari. Na askari asiseme "twende Tanzania": ng'ambo ya ziwa ilikuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Majina ya leo yaweke kwenye ramani ndogo ukurasa wa kwanza, si ndani ya mazungumzo.