Mtoto wa fundi ngozi alisomeshwa na nani?

SWALI: Nasoma kidato cha sita hapa Tabora. Mwalimu alitueleza kuwa baba yake mwanafalsafa Immanuel Kant alikuwa fundi ngozi wa kipato kidogo. Sasa mtoto alisomaje?

JIBU: Kant alizaliwa Königsberg, Prussia (leo Kaliningrad, Urusi), tarehe 22 Aprili 1724. Baba alishona hatamu na mikanda ya farasi. Mchungaji Franz Albert Schulz, aliyeijua familia, aliona akili ya mtoto, na mwaka 1732 mtoto huyo akaingia Collegium Fridericianum, shule ya Kilatini kingi na sala nyingi mno. Mama alifariki 1737.

Mwaka 1740, akiwa na miaka 16, alianza chuo kikuu palepale mjini. Hapo mshukuru mwalimu wake Martin Knutzen: alimwazima vitabu vya mwanasayansi Newton kutoka maktaba yake mwenyewe. Fedha ya kujikimu Kant aliipata kwa kuwafundisha wenzake.

Wengi hukosea hapa kwenye mtihani: Kant hakupanda ngazi za elimu moja kwa moja. Baba alipofariki 1746, aliondoka bila shahada, akafundisha watoto majumbani kwa miaka kadhaa. Shahada aliipata 1755, kwa tasnifu ya Kilatini kuhusu moto. Hata kisha alihadhiri kwa ada walizolipa wanafunzi wenyewe. Uprofesa ulikuja 1770.