Wi-Fi ya gesti ikikataa kufungua ukurasa wa kulogin, angalia DNS yako kwanza

Kama unazunguka kikazi huku kwetu, leo Kisumu, kesho Kakamega, keshokutwa Nakuru, hii lazima imekupata. Umeunganisha simu na Wi-Fi ya gesti, mistari ya network imejaa yote, lakini ule ukurasa wa kuweka vocha ama namba ya chumba hauji ng'o, simu inasema tu imeunganishwa, hakuna intaneti. Na jirani yako wa meza ya pili anaangalia mpira bila shida. Mimi hii ndio kazi yangu, kutengenezea watu mambo ya netiweki, na ukiona imegoma kwa mtu mmoja huku wengine wakiendelea, kabla hujaenda kugombana na dada wa mapokezi fungua setingi zako uangalie DNS.

Iko hivi. DNS ndio inageuza jina la tovuti kuwa namba ambayo mashine inaelewa. Ukijiunga na Wi-Fi ya wageni, simu inajaribu kimyakimya kufungua anwani ya majaribio, Android inaenda connectivitycheck.gstatic.com na iPhone inaenda captive.apple.com, na rauta ikiona bado hujalogin inakushika hapo njiani inakurusha kwa ukurasa wake. Sasa kama ulishaambia simu ama laptopu isiulize mtu mwingine yeyote isipokuwa seva fulani ya mbali, na rauta nayo haikuruhusu kutoka nje mpaka ulogin, basi mmekwamana, na hapo unaweza kukaa mpaka asubuhi.

Kwa Android shida kubwa inatoka kwa ile kitu inaitwa Private DNS, ama DNS ya Faragha kama simu yako iko kwa Kiswahili. Ilikuja na Android 9 mwaka wa 2018 na watu wengi wameiweka kuzuia matangazo, na ni kitu kizuri, bando haiishi ovyo. Ila ukishaandika jina la seva pale, simu inataka hiyo tu, tena kwa njia iliyofichwa inayopita poti 853 (poti ni kama mlango wa mtandao wenye namba), na rauta nyingi za gesti hazifungui hiyo poti. Kuna mwalimu mmoja tulikuwa naye gesti moja hapa Milimani, Kisumu, alikuwa anatuma maksi na mda umeisha, ashamwambia yule dada "Wi-Fi yenu imekufa" na dada anamjibu "haijakufa mwalimu, mbona mimi niko ndani?" Nikaomba simu. Ile notisi ya kulogin ilikuwa imekuja na akaifuta na kidole, halafu akawa anajaribu kufungua ukurasa mwenyewe kwa Chrome. Hapo ndipo penye siri, maana Android ikifungua ukurasa kupitia ile notisi yake huwa inaruka Private DNS, lakini ukienda na brauza yako mwenyewe hairuki, unabaki na ukurasa mweupe. Nikaingia setingi, nikatafuta neno DNS kwa kile kisanduku cha kutafuta cha juu (kila simu imeficha mahali pake, Samsung sio sawa na Tecno), nikatoa jina la seva nikaweka Automatic, nikasahaulisha ile Wi-Fi nikaunganisha upya. Ukurasa ukaja wenyewe na maksi zikaenda.

Ushauri wangu kwa mtu wa kusafiri ni uiache kwa Automatic, kwa sababu hapo simu inajaribu njia iliyofichwa na ikishindwa inatumia ya kawaida. Ukitaka kurudisha seva yako rudisha baada ya kulogin, na ikikuambia seva ya DNS haifikiki jua hiyo Wi-Fi imeifunga moja kwa moja, usipigane nayo.

Laptopu ya Windows nayo ukiweka 8.8.8.8 (DNS ya Google) ama 1.1.1.1 (DNS ya Cloudflare) kwa setingi za adapta ya Wi-Fi, inakufuata kila Wi-Fi unayoingia. Rauta za MikroTik, na hizi ziko kila mahali huku, zikiwa na hotspot (ule mfumo wa kulogin wageni) zinageuza maswali ya DNS ya kawaida yaende kwao kwa hivyo 8.8.8.8 mara nyingi hupita tu, lakini zingine zinakataa kabisa. Rudisha DNS iwe ya kujipata yenyewe, fungua ile dirisha nyeusi ya Command Prompt uandike ipconfig /flushdns, kisha ujaribu neverssl.com. Usijaribu na tovuti ya https, hiyo haikubali kurushwa, itakuletea onyo la cheti tu, yaani brauza inasema tovuti haiaminiki.

1.1.1.1 ina kisa chake. Kwa miaka mingi hiyo namba ilikuwa haitumiki na mtu, na maelezo ya Cisco yenyewe, kampuni ya vifaa vya netiweki, yalikuwa yanaitumia kama mfano wa anwani ya ukurasa wa kulogin, mafundi wakanakili hivyo hivyo. Halafu tarehe 1 Aprili 2018 Cloudflare wakaifanya DNS ya umma. Kwa hivyo ukiona ukurasa wa kulogin uko kwa 1.1.1.1/login.html, ujue hata ukishaingia hiyo DNS haitafanya kazi kwa hiyo Wi-Fi, rauta inaimeza. Tumia 1.0.0.1, ni ya hao hao Cloudflare, ama 9.9.9.9 ya Quad9.

Kama bado, zima data ya simu, maana Chrome inaweza kupitia bando yako badala ya Wi-Fi na ukurasa wa ndani haupatikani huko nje. Zima VPN pia, ile app inayopitisha intaneti yako kwa seva nyingine. Halafu angalia geti (gateway, yaani anwani ya rauta yenyewe) ya hiyo Wi-Fi kwa maelezo yake, mara nyingi ni kitu kama 192.168.88.1 ama 10.5.50.1, uandike kwa brauza ukianza na http://.

Na tafadhali sana, ukurasa ukikuomba PIN ya M-Pesa toka hapo mbio. Ya kulipia vocha unaweka namba ya simu tu, PIN unaiweka kwa ile menyu inayokuja kwa laini yako yenyewe.

Kwa wenye gesti: kama mtambo wenu bado uko na 1.1.1.1, mwambieni fundi aweke 192.0.2.1, hiyo imetengwa kwa mifano na haina mwenyewe huko intaneti. Ni kazi ya dakika chache na kuwasha mtambo upya, afanye usiku wageni wakiwa wamelala.