Re: Nikila matunda na mboga mbichi tu, bado nahitaji kunywa maji?

Mkuu, unahitaji. Uliuliza kama tikiti na mchicha vinatosha kwa jua la Mwanza, tupige hesabu. Tango ni maji asilimia 95 hivi, tikiti na mchicha 91, papai 88, ndizi mbivu 75, parachichi 73. Nusu kilo ya tikiti bila ganda inakupa mililita 455, tango la gramu 300 mililita 285, mchicha gramu 100 mililita 91. Jumla hata lita moja haifiki.

Mchicha uliolegea kwa kuanikwa juani pale soko la Mlango Mmoja umeshapoteza maji, nunua asubuhi. Kachumbari tia chumvi wakati wa kula. Ukiitia mapema nyanya na tango vinachuja maji yote chini ya bakuli. Yakishatoka, yanywe, usiyamwage.

Majani osha moja moja kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, hasa ya bustani zinazomwagiliwa maji ya ziwa au mitaro: kipindupindu na taifodi hupitia humo. Na tafadhali sana, kisamvu usile kibichi kabisa, kina sumu ya sianidi. Hicho lazima kitwangwe na kuchemshwa vizuri.