Mzee wa Leba Anajibu: "Nimefutwa, ya serikali naitisha wapi?"

Barua zimejaa mwezi huu na nyingi ni za watu wamefutwa Ijumaa jioni, sijui mabosi wanapendea nini Ijumaa, labda ndio ukasirikie nyumbani wikendi yote na ikifika Jumatatu uwe umepoa. Nimechagua tatu. Kwa wageni wa ukurasa huu, mimi nilikuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kiwandani miaka mingi, si wakili, lakini hizi karatasi nimezishika sana.

SWALI: Habari mzee. Nimefanya kazi ya kupakia bidhaa kwa kampuni moja Industrial Area miaka sita na miezi mitatu, mshahara 24,000. Ijumaa iliyopita tulikuwa watu 14, tukaitwa ofisini mmoja mmoja tukaambiwa kazi imepungua msirudi Jumatatu. Nikapewa karatasi imeandikwa nimelipwa kila kitu na sina madai mengine yoyote, nisaini ndio nipewe 11,000. Nikasema wacha nionyeshe mzee wangu kwanza, HR akasema haya basi, pesa itakungoja hapa. Sasa binamu yangu ako Uingereza na yeye alipofutwa serikali ilikuwa inamtumia pesa mpaka akapata kazi ingine. Hapa kwetu hiyo fomu inajazwa wapi, NSSF ama Huduma Centre? Nina miaka 34 na watoto wawili. – Msomaji, Pipeline

JIBU: Pole sana dada yangu. Wacha nianze na mbaya ndio tumalizane nayo, hiyo fomu haiko. Kenya hakuna pesa ya serikali ya mtu aliyepoteza kazi, na NSSF hawatakupea kitu juu ya kufutwa, wao wanalipa uzee, ulemavu, familia ya aliyefariki na vitu kama hivyo, na mtu aliyeacha kazi anaanza kuongea nao akifika miaka 50. Wewe una 34. Kwa hivyo usipige foleni bure Huduma Centre ya GPO, ama ukienda, enda kuangalia kama ile pesa walikuwa wanakata kwa peislipu ilikuwa inafika kweli, manake nimeona watu wa miaka kumi kazini na kwa NSSF wako na miezi minane.

Lakini uko na kitu binamu yako hakukwambia. Huku kwetu anayekulipa ukipoteza kazi ni yule yule aliyekutoa, na hiyo ya "kazi imepungua" ndiyo sababu ya bei ghali kuliko zote kwa mwajiri, sijui kama HR wenu anajua. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, inasema ukipunguza watu unawaandikia barua mwezi mmoja kabla, wao na ofisa wa leba, unasema sababu ni gani na wanaenda wangapi, unachagua kwa njia ya haki, kwa kuangalia nani ametumika zaidi na ana ujuzi gani na anategemewa vipi, halafu unawalipa. Kuitana ofisini mmoja mmoja Ijumaa hakuko hapo ndani.

Tupige hesabu. Notisi mwezi mmoja, hiyo ni 24,000. Kiinua mgongo ni siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliomaliza, yako ni sita, ile miezi mitatu ya juu haihesabiwi, kwa hivyo siku 90. Ukigawanya mshahara kwa 30 siku yako ni 800, mara 90 ni 72,000. Kuna wenye hugawanya kwa 26, siku za kazi, inapanda kidogo, mimi nachukua ya chini ndio usiniambie nilikudanganya. Hapo tayari ni 96,000 na bado siku ulizofanya mwezi huu, na likizo hujaniambia kama ulikuwa unaenda, kama ya mwaka mzima iko hapo, siku 21, ni kama 16,800 zingine. Sasa weka hiyo kando ya 11,000 yao.

Kwa hiyo karatasi ulifanya vizuri, na ni vizuri zaidi ya vile nilifanya mimi. 2009 nilisaini kama hiyo juu ya boneti ya pikapu hapo nje ya geti, kalamu imefungwa na uzi ati nisitoroke nayo, nikapewa 7,000 na nikasema asante. Nilisema asante! Na wale wenzako 13, kama kuna waliosaini waambie wasikate tamaa, mahakama huangalia kama mtu alielewa anachosaini na kama alisukumwa, na haki za sheria haziishi tu juu kuna mstari umeandikwa "sina madai". Lakini inakuwa ngumu, unaanza mbio ukiwa umefungwa mguu mmoja. Kama wanataka upokee ile 11,000, pokea, ila andika na mkono wako hapo juu ya sahihi "nimepokea sehemu tu, madai mengine bado". Wakikataa uandike hivyo basi unajua walikuwa wanatafuta nini.

Sasa cha kufanya. Wiki hii andika barua ya kudai, ukurasa mmoja, tarehe ulianza, tarehe ulitolewa, hesabu yako, wape siku 14, peleka mwenyewe na kopi wapige muhuri ama sahihi ya kupokea, wakikataa tuma na imeili na WhatsApp ya HR. Kusanya peislipu, stetimenti ya M-Pesa ama ya benki, kadi ya geti, zile meseji za supavaiza kwa grupu ya shifti, na usitoke kwa hiyo grupu kwa hasira kabla hujahifadhi meseji zote. Usizifute kwa simu hata ukishapiga skrinshoti, kortini utaulizwa zilitoka kwa simu gani na utatakiwa uandike cheti cha kusema hivyo.

Wakinyamaza, enda kwa ofisa wa leba wa kaunti, hakuna ada, anaita pande zote mbili na huwa anapiga hesabu yake mwenyewe, na kampuni nyingi huanza kuongea vizuri zikiona barua yenye nembo ya serikali. Lakini sikia hapa, malalamiko ya kutolewa bila haki yanafikishwa kwake ndani ya miezi mitatu kutoka siku ya kufutwa. Watu wananiandikia miezi mitano ikishapita. Kwenda kortini uko na miaka mitatu, na kwa mshahara wako kesi inaweza kusikizwa na hakimu, si lazima uanze kwa jaji wa mahakama ya kazi, juu tangu 2018 mahakimu walioteuliwa husikiza kesi za wanaolipwa mpaka 80,000 kwa mwezi. Korti ikiona hamkutolewa kwa haki inaweza kuongeza fidia mpaka mishahara ya miezi 12, lakini tafadhali usianze kukopa ukitegemea hiyo, 12 ndiyo mwisho kabisa na wengi hupewa michache. Mkienda 14 pamoja ni bora, hata wakili mnachanga. Kama hakuna cha kuchanga Kituo cha Sheria wamekuwa wakisaidia watu wa hali yetu tangu 1973.

Na SHA, ile bima ya afya ya serikali, usiache ifungike ukiwa na watoto wawili. Uliyekuwa ukikatwa kwa mshahara sasa unajilipia, unaanzia 300 kwa mwezi ila wanataka ya mwaka mzima kwa pamoja, ndiyo inauma.

SWALI: Mzee, mimi ni soja. Nilipatikana nimelala saa tisa usiku, sikatai, nilikuwa nimeunganisha shifti mbili juu mwenzangu hakukuja. Asubuhi nikaitwa kwa simu nifike ofisini na dakika 20, nikapata wakubwa watatu, wakaniuliza ulilala ama hukulala, nikasema nililala, wakanipa barua. Inasema ninaweza kukata rufaa kwa mkurugenzi na siku tano. Kuna jamaa ameniambia rufaa ya kampuni ni kupoteza muda, niende korti moja kwa moja. – Soja, Kawangware

JIBU: Ndugu, kulala lindoni kunaweza kuwa sababu ya kufutwa, nisikudanganye. Lakini sababu ni nusu, nusu ingine ni vile ulifutwa. Kifungu cha 41 kinasema kabla mtu atolewe kwa makosa anaelezwa kwa lugha anayoelewa anashtakiwa nini, na anakubaliwa kuwa na mfanyakazi mwenzake ama mtu wa chama hapo ndani, halafu anasikizwa. Hiyo ni hata kwa yale makosa makubwa ya kufutwa papo hapo. Dakika 20 na wakubwa watatu upande mmoja na wewe peke yako, mimi siiti hiyo kusikizwa, na ile shifti mbili nadhani hakuna aliyekuuliza. (Na kwa walio probesheni wanaosoma hapa, 2021 majaji walisema hata nyinyi mnafaa kusikizwa, msidanganywe.)

Rufaa kata. Jamaa yako anaongea ukweli kwamba mara nyingi mkurugenzi anarudisha jibu lile lile, lakini hiyo barua unaandikia jaji, mkurugenzi ni postamani tu. Andika kwamba ulikuwa kwa shifti ya pili mfululizo, taja tarehe, taja nani alikuambia ubaki, sema hukupewa shoo kozi, ile barua ya kukutaka ujieleze, wala nafasi ya kuja na mwenzako, itisha kopi ya kitabu cha zamu ya usiku huo. Wakikunyima hicho kitabu, kukunyima kwenyewe ni ushahidi.

Hapa ndipo watu wengi wanaanguka, saa haisimami ukingoja jibu. Mahakama ya Rufaa ilisema 2016, kwa kesi ya watu waliongojea kwanza mambo yao ya jinai yaishe, kwamba miaka mitatu inaanza siku ya barua ya kufutwa. Kwa hivyo rufaa ya kampuni, mazungumzo kwa leba, "tutakupigia", zote zinakula siku zako. Piga picha ya hiyo barua na tarehe yake uweke mahali utaiona. Na ukishafika korti ukapoteza kwa hakimu, kwenda juu ni siku 30 kutoka uamuzi, na kutoka kwa jaji kwenda Mahakama ya Rufaa notisi ni siku 14, hizo ni fupi kuliko zinavyosikika ukiwa hujapata nauli.

Siku ulizofanya kabla ya kufutwa, na likizo yako, wanakulipa hata kama ulilala mpaka ukakoroma.

SWALI: Nimefanya kazi ya nyumba Kilimani miaka miwili, nalala huko huko, nalipwa 9,000. Juzi nilienda ocha mazishi, madam akanitumia meseji nisirudi amepata mwingine. Nikimwambia anilipe anasema hatukuandikiana kontrakti kwa hivyo hakuna kesi. Nguo zangu na sufuria zimebaki kwa servanti kota. – Wa Githurai

JIBU: Mwambie madam kuandika kontrakti ilikuwa kazi yake, na sheria inasema mwajiri asipoileta kortini yeye ndiye atahangaika kukanusha vile wewe unasema mliagana. Kima cha chini kwa mfanyakazi wa nyumba Nairobi ni 16,113.75 kutoka Novemba 2024, kabla ya hapo ilikuwa 15,201.65, kwa hivyo amekuwa akibaki na zaidi ya 6,000 yako kila mwezi na sasa anataka kubaki na ya notisi pia. Hiyo ya kulipwa chini ya kiwango usiikalie, peleka ndani ya mwaka mmoja juu kuna korti huiweka kwa madai ya mwaka mmoja, si mitatu. Ile meseji yake ya "usirudi" ni barua yako ya kufutwa, itunze kama kitambulisho. KUDHEIHA ndicho chama chenu, wanajua hizi kesi za nyumba.

Nguo zako na zile sufuria ulisema zimebaki kwa servanti kota, usiende kuchukua peke yako na usiende jioni, beba mtu wa chama ama mzee wa nyumba kumi, na orodha andika kabla hujapita geti, manake nimeona mtu akaenda kuchukua godoro akarudi ameshtakiwa wizi wa pasi.